Aliyemwita Mnyama Wake Dirishani

Wifi yangu alikuwa na kazi mbili za kupokea watu, na ile aliyolipwa mshahara ndiyo aliyoifanya vibaya.

Ilikuwa kwenye dirisha namba tatu katika ofisi ya kupokea fomu. Kioo kilikuwa na ufa kwenye kona, umezibwa kwa utepe wa gundi, na kitundu cha kuzungumzia kiliwekwa chini mno, kwa hiyo kila aliyefika ilimbidi ainame kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Nyuma ya kioo alikaa wifi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, miwani kwenye ncha ya pua, muhuri mkononi. Muhuri ulisema IMEPOKELEWA, na tarehe. Kabla hujaufikia muhuri huo ungeambiwa picha yako ina kivuli, nakala ni moja badala ya mbili, wino ni wa bluu na unatakiwa mweusi, rudi kesho. Mimi ni mke wa kaka yake, tunaishi nyumba moja, tunaogea sabuni moja, na bado alinirudisha mara mbili kwa ajili ya wino. Nilimnunia siku tatu. Mume wangu aliniambia nishukuru, maana yeye, ndugu wa damu, alirudishwa mara nne.

Kazi ya pili haikuwa na mshahara wala muhuri. Ilianza saa kumi na moja jioni, akishavua viatu vya kazini na kusugua vidole vya miguu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya cherehani yangu, maana mimi nashonea sebuleni, akachukua simu, na uso wake ukabadilika. Sitii chumvi. Yule mama wa dirisha namba tatu aliondoka, akaja mtu mwingine aliyekuwa akitabasamu peke yake na kunong'ona, "Karibu, karibu sana, usiogope."

Aliokuwa akiwakaribisha walikuwa watu asiowahi kuwaona. Kulikuwa na tovuti moja ndogo, ndogo kweli, iliyoitwa Bustani ya Vinyunyu. Kinyunyu ni mnyama wa kuchora tu: mwili wa paka, masikio ya sungura, mkia mfupi usio na maana. Ukiingia mara ya kwanza unapewa mmoja, unampa jina, unamlisha, unamwosha, unambembeleza. Basi. Hakuna kushinda, hakuna kupigana, hakuna mwisho. Nilipomuuliza ukishamlisha inakuwaje, akasema kesho unamlisha tena. Nikamwambia huo si mchezo, hiyo ni ndoa. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na tangu siku hiyo akaniruhusu kuchungulia.

Aliingia huko wakati akimuuguza mama yao, mama mkwe wangu, aliyepooza upande mmoja akakaa kitandani miaka sita. Kitanda tulikisogeza karibu na dirisha ili mgonjwa aone watu wakipita. Mgonjwa akilala mchana, wifi alikuwa hana la kufanya ila kusubiri aamke. Simu ilikuwa mkononi, na kinyunyu alikuwa kwenye simu. Mama mkwe alipofariki, wifi hakuigusa Bustani kwa miezi miwili. Alikuwa na uhakika kwamba wanyama wake wote watatu wamekufa njaa, kwa sababu vinyunyu hufa kweli, hufutika kabisa. Siku alipojikaza kufungua, akawakuta wamenona. Watu wa kule walikuwa wamewalisha kwa zamu, siku sitini na moja. Na hakuna hata mmoja aliyemuuliza alikuwa wapi. Mtu mmoja tu alimwandikia: "Mkubwa wako anapenda karoti, hatukujua. Karibu."

"Wifi," aliniambia huku machozi yanamtoka, "kuna watu wamenilishia."

Nyumbani tulikuwa na ndugu kumi na wawili waliouliza mgonjwa alikufa saa ngapi, nani alikuwepo, dawa zilikwisha lini, kana kwamba wanajaza fomu. Nilielewa kwa nini alilia.

Tangu hapo akajitolea kuwa mpokeaji wa wageni. Hakuna aliyempa cheo hicho, alikishika tu, na kwa miaka mitano alikifanya kwa bidii ambayo serikali yake haikuwahi kuiona. Alikuwa na daftari la mistari, jalada la kijani, na humo alimwandika kila mgeni: siku aliyoingia, jina alilompa mnyama, na sababu ya jina hilo. Sababu ndiyo ilikuwa siri yake. Hakumpa mtu salamu iliyoandikwa tayari, ile ya kunakili na kubandika. Alitazama jina la mnyama, kisha akauliza: kwa nini Mwiko? Kwa nini Shangazi? Kwa nini Saa Tisa? Alinieleza kwamba ukimuuliza mtu habari zake atakujibu kwa adabu na kuondoka, lakini ukimuuliza kwa nini amemwita mnyama wake Saa Tisa, atakusimulia jambo, na aliyekusimulia jambo atarudi kesho kuona kama ulisoma. Nilijaribu mbinu hiyo kwa wateja wangu wa nguo. Inafanya kazi vibaya sana kwa mtu anayedai gauni lake.

Mambo mengine aliyaamini kama watu wanavyoamini dawa. Mgeni hapewi kitu kipya. Anapewa kofia au mfuko uliokwisha kutumiwa, na anaambiwa ulikuwa wa nani. Swali la kijinga linajibiwa kana kwamba halijawahi kuulizwa. Na lile la kununa. Kwenye ukurasa wa mnyama, kitufe cha kuosha kilikuwa juu na cha kulisha chini yake, kwa hiyo kila mgeni alibonyeza cha juu kwanza. Kinyunyu akioshwa kabla ya kula hununa: anageuza mgongo na kawingu keusi kanatokea juu ya kichwa. Wengine wanaweza kumlisha, lakini kununa hakuishi mpaka mwenyewe arudi ambembeleze, siku tatu mfululizo. Kila mgeni, bila kukosa, aliandika kwenye ubao wa wageni: amenuna, nimefanya nini? Mwenye Bustani, yaani yule bwana aliyeitengeneza tovuti yote peke yake na ambaye hakuna aliyemjua kwa sura, alitaka kuvibadilisha vile vitufe. Wifi akamkatalia katakata. Mgeni akikosea atauliza, alisema, akiuliza tutamjibu, na tukishamjibu tumeshajuana. Kitufe kikabaki palepale.

Nilimheshimu kwa hilo. Mimi ninayefundisha wasichana kushona najua kwamba kila mwanafunzi ataanza kwa kushona mkono wa kwanza nje ndani, na kwamba hapo ndipo anapoanza kunizoea.

Lakini Bustani ilikuwa inakufa. Wakati mmoja kulikuwa na watu mia sita. Walikua, wakaoa, wakapata watoto wa kweli wa kulisha. Simu zilibadilika na ukurasa ukawa unakatika kulia. Ilipofika mwaka ule walibaki tisa. Niliwajua kwa majina yao ya kule kama majirani. Mama Pacha, aliyekuwa mwalimu mstaafu. Fundi Saa, mtengeneza saa ambaye hakuna mtu aliyekuwa akimletea saa tena. Wengine sita, na wifi.

Jumatatu moja Mwenye Bustani akabandika tangazo. Mashine inayobeba tovuti itazimwa baada ya miezi mitatu, na kuihamishia kwingine maana yake ni kuiandika upya yote, kazi ya mwaka mzima ya jioni zake. "Siwezi kuifanya kwa ajili ya watu tisa," aliandika. "Nionyesheni kwamba bado kuna mtu anayetaka kuingia." Akataja idadi: wageni arobaini ndani ya miezi hiyo mitatu, wanaobaki zaidi ya wiki.

Wifi aliisoma mara nyingi, kisha akaniuliza kama naweza kumshonea mfuko wa kitambaa wa kutunzia daftari. Nikajua amekwisha. Yeye akiogopa huomba ashonewe kitu.

Alijaribu kila namna. Aliwaambia wenzake wa madirisha mengine, wakamtazama kana kwamba amewaomba figo. Alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, chini ya tangazo la kiti kilichopotea. Mume wangu alijiandikisha kwa huruma, akamwita mnyama wake Usingizi, akamsahau siku ya pili. Wiki tatu zikapita bila mgeni mwingine.

Wiki ya nne wageni wakaanza kuingia. Watatu, kisha watano, kisha wawili kwa siku moja. Wifi alipata homa ya furaha. Alikula amesimama. Aliwaandikia wote, mmoja mmoja, akauliza majina, akajaza kurasa nne za daftari, na mimi nikamchemshia chai bila kuombwa, kitu ambacho wifi na wifi hawafanyiani ovyo. Mwisho wa wiki ya sita walikuwa kumi na tisa.

Ndipo akakaa na daftari magotini jioni nzima, akarudi nyuma, akasonga mbele, akarudi nyuma. Halafu akaniambia kwamba hakuna aliyenuna. Sikuelewa. Akanifafanulia: wageni kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mnyama wake amenuna. Wote walilisha kwanza, wakaosha baadaye, na wote walijua kwamba karoti ziko kwenye ukurasa wa pili.

Alimwandikia Fundi Saa faraghani. Fundi Saa akamwaga mtama wote. Wageni walikuwa ni wao wenyewe, wale wanane. Kila mmoja alikuwa amejifungulia akaunti mbili tatu kwa majina mapya. Mama Pacha peke yake alikuwa watu watano. Kwanza walifanya hivyo ili idadi itimie, aliandika, lakini pia kwa sababu hawakuvumilia kumwona mpokeaji amekaa mlangoni hana wa kumpokea.

Mtu mwingine angekasirika. Wifi alilia kidogo, akacheka kidogo, kisha akawaandikia wote jinsi alivyowagundua: hamkununiwa, wapendwa. Mgeni wa kweli hununiwa. Hapo ndipo alipokosea, ingawa mimi nilimsifu. Maana kuanzia siku hiyo wale wanane, kila walipoingia na jina jipya, walifanya makusudi kuosha kabla ya kulisha, wakaenda ubaoni wakaandika kwa sauti ya mgeni: jamani, amenuna, nimefanya nini?

Ikawa mchezo. Na nitasema ukweli, ilikuwa raha. Bustani ilichangamka kuliko nilivyowahi kuiona. Wanyama walipewa majina ya kipuuzi, Katibu wa Ndizi, Goti la Kushoto, Mume wa Mtu, na wifi badala ya kuuliza kwa nini, alikisia tu ni nani aliyejificha nyuma yake, na wengine wakashangilia. Mchezo huo waliuita kuvaa kofia. "Leo umevaa kofia gani, mzee?" ndiyo ilikuwa salamu. Daftari liliacha kujazwa. Nilipouliza, alisema ataandika nini, na sababu zote ni za uongo.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile, na nisijifiche.

Ilikuwa saa nane mchana, wiki ya tisa. Wifi alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa chake katikati ya magoti yangu, namsuka. Simu ilikuwa mapajani mwake na mimi nasoma kutoka juu kwa sababu macho yangu ni mazima. Walikuwa wamefika thelathini na nne. Ubaoni akatokea mgeni mwenye namba tu, hakujiwekea jina. Mnyama wake alimwita Dirishani. Aliandika: "Habari zenu. Amenipa mgongo. Nimefanya kosa gani?"

Wifi alisita. Nililihisi hilo kwenye shingo yake, maana nilikuwa nimeshika nywele. Akasema Dirishani ni jina la ajabu, si la kuchekesha kama yale mengine. Nikamwambia huyo ni Mama Pacha amebadilisha mbinu. Akasema Mama Pacha haanzi na habari zenu. Mimi na mdomo wangu usio na breki, mimi niliyetaka kumaliza kusuka kabla ya saa kumi, nikamwambia asiwe mshamba.

"Mwandikie avue kofia," nikasema. "Mwambie swali hilo limeshachakaa, atafute jingine."

Akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Nikacheka. Kabla hajaweka simu chini wengine wanne walikuwa wameshadandia. Fundi Saa akaandika kwamba safari hii kofia imembana. Mwingine akauliza Dirishani ni ndugu yake Mlangoni.

Mgeni akaandika: "Sijaelewa. Ni mara yangu ya kwanza hapa."

Mama Pacha akajibu: "Ndivyo tunavyosema sote."

Zikapita kama dakika tano. Nilikuwa namalizia mstari wa nyuma ya sikio. Kisha mgeni akaandika tena, na hii nimeikariri bila kutaka: "Samahani kwa usumbufu. Nilisikia kwamba hapa wanapokea watu."

Hakuandika tena.

Wifi alishtuka wakati huohuo, mimi sikushtuka mpaka jioni. Aliandika ubaoni akiomba aliyevaa kofia hiyo ajitokeze, mchezo umetosha. Wa kwanza akasema si mimi. Wa pili akasema si mimi. Jumapili asubuhi wote wanane walikuwa wamekana, na Fundi Saa, mtu wa masihara kuanzia unyayo hadi utosi, aliandika sentensi moja tu: "Jamani, tumemfukuza mtu."

Wifi alimwandikia barua kwenye sanduku lake la pale Bustanini. Aliandika saba kwa wiki moja. Alimwomba radhi, akamweleza mambo ya kofia, akamweleza kitufe cha juu na cha chini, akamweleza jinsi ya kubembeleza. Kando ya kila barua palikuwa na duara dogo ambalo hujaa rangi barua ikisomwa. Maduara yote saba yalibaki matupu. Mgeni hakuwa ameacha anwani yoyote.

Siku ya nane akamwandikia Mwenye Bustani, akakiri kila kitu: wageni thelathini na nne wa uongo, na mmoja wa kweli. Alisema yuko tayari kuondoka yeye, mradi Bustani ibaki. Nilimwona akiiandika, ameuma ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jibu lilikuja Jumatano, saa sita na nusu, akiwa kwenye mapumziko ya chakula. Alinipigia simu kutoka kwenye ngazi za nyuma za ofisi, akanisomea bila kupandisha wala kushusha sauti. Bwana yule alikuwa akijua tangu mgeni wa pili. Mashine humwonyesha kila anayeingia anatokea simu gani. Hakusema kitu kwa sababu aliona wanafurahi, na kwa sababu arobaini ilikuwa idadi ya kutaja tu.

"Nilikuwa namngoja mmoja," aliandika. "Mtu mmoja wa kweli abishe hodi, nione kama bado mnajua kufungua. Huyo tu angenitosha. Alikuja Jumamosi, na nilikuwa nimekaa hapa natazama."

Nilikasirika. Nilimwambia wifi kwamba huyo ni mwoga, mtu mzima anakaaje kimya akitazama watu wanajikaanga kwa mafuta yao wenyewe, kidole kimoja tu kingemtosha kuandika, huyu ni wa kweli, mpokeeni. Nilitoa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Wifi alingoja nimalize. Akasema, "Sikumfungia mgeni mlango kwa sababu ya huyo bwana, wifi. Nilimfungia mimi." Kisha akasema muda wa mapumziko umekwisha, kuna foleni.

Hakusema kwamba maneno yalikuwa yangu. Hajawahi kulisema hilo mpaka leo, na laiti angelisema angalau mara moja, tugombane, tununiane siku tatu, yaishe.

Wiki zilizobaki waliwalisha wanyama wote, hata wale wa uongo, Goti la Kushoto na wenzake, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaacha wafe kabla ya mwisho. Dirishani alikuwa zamu ya wifi kila siku. Hakumpa mtu mwingine. Alimlisha karoti asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Dirishani alinona. Lakini hakugeuka. Alikaa ametupa mgongo na kawingu kake juu ya kichwa, maana kubembeleza ni mwenyewe tu, na mwenyewe hakurudi.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri. Mume wangu alitoka, alisema anakwenda kutazama mpira, ila najua alikimbia. Mimi nilizima cherehani. Wale wanane walikuwa ubaoni wanaagana, Mama Pacha akiandika majina ya wanyama wote aliowahi kuwa nao, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anaita mahudhurio. Wifi hakuwa ubaoni. Alikuwa amefungua ukurasa wa Dirishani na kuutazama ule mgongo. Saa tisa na dakika mbili ukurasa ukawa mweupe. Alibonyeza mara kadhaa. Kisha akasafisha kioo cha simu kwa upindo wa kanga, kana kwamba tatizo ni vumbi.

Nilimwambia labda yule mgeni alikuwa mtu wa kupita tu, hata hakumbuki. Alinitazama namna anavyowatazama watu wa wino wa bluu.

Siku hizi anakwenda kazini, anarudi, anasugua vidole vya miguu, na anakaa kwenye kiti kilekile bila simu. Nilikwenda dirishani kwake mwezi uliopita kupeleka fomu ya leseni yangu ya biashara. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja aliyeinama kwenye kile kitundu akauliza swali ambalo jibu lake limeandikwa kwa herufi kubwa ukutani juu ya kichwa chake. Wifi aliweka muhuri chini. Akamweleza yote, pole pole, mwanzo hadi mwisho, akamuuliza kama ameelewa, akamwandikia kwenye kikaratasi. Nyuma yangu foleni ilikuwa inaguna. Mzee alichukua kikaratasi, akakikunja, akaondoka bila kuaga, na wifi akabaki anautazama mlango aliotokea mpaka mtu akagonga kioo.

Jioni ile alitoa daftari kwenye ule mfuko niliomshonea. Nilidhani anataka kulichoma. Alifungua ukurasa wa mwisho wenye maandishi, akaniwekea mbele, juu ya meza ya cherehani. Palikuwa na tarehe ya ile Jumamosi. Palikuwa na jina, Dirishani. Mahali pa sababu palikuwa patupu.

"Wifi," akasema, "kwa nini mtu amwite mnyama wake Dirishani?"

Nikafikiria kitanda cha mama mkwe, na nikajua na yeye anakifikiria hichohicho: mgonjwa aliyelala mahali fulani, kitanda kimesogezwa ili aone watu wakipita, simu mkononi. Au mtu anayemuuguza. Au labda ni mtu tu aliyekuwa amekaa karibu na dirisha.

"Sijui," nikamwambia.

"Mimi pia sijui," akasema. "Na kazi yangu ilikuwa kuuliza."

Akachukua kalamu yenye wino mweusi, akaishika juu ya ile nafasi kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini, akafunga daftari, akaenda kuosha vyombo.